Hadithi Yenye Hesabu: Wito kwa Watu wa Lupiro

Mbu wa Lupiro, hapa kwetu Ulanga, wana jina kubwa kuliko watu wake. Maabara ndogo ambayo Rudolf Geigy kutoka Uswisi aliifungua Ifakara katika miaka ya 1950 imekua hadi kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara, na kwa miaka mingi watafiti wamevuka Mto Kilombero kuja kuwatega mbu wetu, kuwahesabu na kuwaandikia makala zinazosomwa na mabingwa wa dunia. Ukitaka kujua mbu wa Lupiro huuma saa ngapi, ndani ya nyumba au barazani, jibu lipo kwa maandishi. Ukitaka kujua mama aliyeanza na debe moja la mpunga alifikaje mahali pa kusomesha watoto wake wote, hupati hata ukurasa mmoja.

Siwalaumu watafiti. Malaria ilituulia watoto wengi, na kazi yao imetuokoa. Lakini hadithi ya mama yule haikuwa kazi yao. Ilikuwa yetu, na bado ni yetu. Ndiyo maana nawaandikia, ndugu zangu wa Lupiro, wa Ulanga yote na wa ng'ambo ya mto: tuzikusanye hadithi za wanawake wetu wafanyabiashara, kwa maneno yao wenyewe na kwa hesabu zao, tuziandike, tuzisome hadharani.

Mapenzi yangu kwa hadithi za vijijini hayana dawa. Nilianza na za kwetu, kisha nikavutwa na za Watelugu, watu wa kusini-mashariki mwa India, katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana. Lugha yao ina wasemaji zaidi ya milioni 80. Wanalima mpunga, wanaogopa mafuriko, wana majirani wanaojua kila kitu. Wana pia sanaa inayoitwa burrakatha: msimulizi mmoja mbele na chombo chake cha nyuzi, pembeni wapigangoma wawili wanaomdakia maneno, wakiuliza, wakichekesha, wakichomeka mambo ya siasa na ya bei ya vitu. Aliyekulia penye "Paukwa!" na "Pakawa!" hahitaji kuelezwa utamu wake.

Katika mambo yote niliyoyapata kwa Watelugu, moja limenifanya nishike kalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wilaya ya Nellore iliendesha kampeni kubwa ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Waliojaa madarasani usiku walikuwa wanawake, wengi wao vibarua wa mashamba. Ndani ya kitabu chao cha kusomea mlikuwa na hadithi fupi ya mwanamke wa kijijini aitwaye Seethamma na wenzake, waliosimama dhidi ya araki, pombe kali iliyokuwa ikimaliza ujira wa waume zao kabla haujafika nyumbani. Wanawake wa kijiji cha Dubagunta waliisoma hadithi ile, wakaijadili, wakajiuliza wao wanashindwaje. Mwaka 1992 wakaifunga biashara ya araki kijijini kwao. Ushindi wao nao ukaandikwa ukawa somo, vijiji vingine vikalisoma, moto ukaenea. Mwezi Oktoba 1993 serikali ya Andhra Pradesh ikapiga marufuku araki jimbo zima, na mwaka 1995 ikazuia pombe za kila aina.

Marufuku hiyo ya pombe zote haikudumu. Mwaka 1997 ililegezwa. Kilichodumu ni kitu kingine. Wanawake wa Nellore walianza kuweka akiba ya rupia moja kila siku katika vikundi vyao, na vikundi vya namna hiyo vikaenea jimboni kwa maelfu. Sheria ilirudi nyuma, daftari la akiba likabaki.

Nisieleweke vibaya. Siwaiti wanawake wa Lupiro wakafunge vilabu vya pombe. Kwetu jambo hilo lina pande mbili, na kila mtu analijua: mara nyingi anayepika pombe ya kienyeji ni mama, na ada ya mtoto imetoka kwenye pipa lile. Ninachokitaka kwa Wanellore ni namna hadithi ilivyofanya kazi. Seethamma hakuwa malkia wala msomi wa mjini. Alikuwa mwanamke wa kijijini aliyesomwa na vibarua, akaongea shida waliyoijua kwa bei yake. Angekuwa tajiri wa Mumbai, wangemsifu, wakafunga kitabu, wakaenda kulala.

Hapo ndipo sisi tunapokosea katika kuwatia moyo mabinti zetu. Tunawapeleka kwenye semina za ujasiriamali, tunawaonyesha picha za wanawake wenye kampuni Dar es Salaam, tunawaambia nao wanaweza. Binti anarudi nyumbani ana hamasa ya siku mbili. Hakuambiwa mtaji wa kwanza ulitoka kwa nani, gunia la kwanza lilinunuliwa shilingi ngapi, mwaka wa hasara ulikwenda vipi, nani alikopa asilipe. Hadithi ya mafanikio isiyo na hasara ndani yake haimfundishi mtu kitu. Inamfanya aamini kwamba wenzake wana bahati na yeye hana.

Hadithi zenye hasara na faida zimejaa hapa kwetu. Chukua mama wa mchele. Kilo 100 za mpunga zikipita mashineni hutoa kilo 60 hadi 65 hivi za mchele. Asiyejua hilo hununua mpunga kwa macho, akapiga hesabu ya gunia kwa gunia, akafilisika msimu wa kwanza. Anayejua huangalia punje, huitafuna asikie kama imekauka, huuliza ni mbegu ya supa au ya saro. Tena anajua kwamba faida yake haimo kwenye mchele mzima peke yake: chenga zina mteja, naye ni mpika vitumbua, pumba zina mteja, naye ni mfugaji au mchoma matofali. Elimu hiyo yote imo kichwani mwa wanawake wanaokaa kwenye mikeka pale mashineni, na hakuna aliyewauliza waliipata wapi na kwa gharama gani.

Muulize mama huyo habari za lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba mpaka likashindwa kubebeka, akakubali kulipwa bei ya gunia moja kwa sababu lori lilikuwa linaondoka. Muulize habari za kuuza mpunga ungali kijani shambani, kwa bei ya kutupwa, kwa kuwa mtoto alikuwa amelazwa. Muulize miezi aliyohamia bondeni, akilala kwenye dungu kulinda ndege, huku biashara yake ya kijijini imefungwa. Ataeleza ni kwa nini aliamua mwaka uliofuata kumlipa mtu wa kulinda, yeye abaki na genge lake, na kama uamuzi huo ulimlipa.

Kisha nenda njia panda, pale magari ya Mahenge na ya Malinyi yanapoachana. Mama lishe wa njia panda ni mtabiri wa hali ya hewa na wa uchumi kwa pamoja. Mvua kubwa ikinyesha anapunguza mchele sufuriani, maana abiria watakuwa wachache. Mavuno yakianza anaongeza kuku. Anajua dereva yupi analipa mwisho wa wiki na yupi halipi kabisa. Nenda pia kwa wauza samaki wanaofuata kambale na perege kwenye kambi za wavuvi, wanaowabanika kwa moshi ili wafike sokoni bila kuharibika. Ukikaa nao utasikia sababu ya kuni fulani kupendwa kuliko nyingine, na kwa nini mama mzoefu hanunui samaki wote siku ambayo bei imeshuka mno.

Ipo hadithi moja inayotuponyoka mbele ya macho yetu. Kabla ya daraja la Mto Kilombero, maisha ya huku yalisimama kwenye kivuko. Magari yalipanga foleni, abiria walishuka, njaa iliuma, na penye foleni pakawa na soko: karanga, ndizi, samaki wa kukaanga, chai, uji. Wanawake walijenga nyumba kwa foleni ile. Kivuko hichohicho kilizama mwaka 2002 na watu wengi wakapoteza maisha, kwa hiyo hakuna anayekililia. Daraja la Magufuli, mita 384, lilipofunguliwa rasmi Mei 2018, sote tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini basi lisilosimama halinunui karanga. Waliokuwa wakiuza pale walikwenda wapi? Nani alihamia njia panda, nani alirudi shambani, nani aligundua kwamba daraja limemfikisha kwenye soko la Ifakara asubuhi na kumrudisha jioni? Hilo ni somo zima la uchumi, na walimu wake wako hai. Wengine ni wazee sasa.

Watu wataniuliza hadithi zinajaza tumbo gani. Nitawajibu kwa mikopo. Kila mwanamke anayefanya biashara ndogo Tanzania leo anaijua mikopo ya kausha damu: pesa inakuja haraka, marejesho yanaanza upesi, na mwisho wake ni kochi kubebwa mchana majirani wakitazama. Wanaoingia humo si wajinga. Wengi hawajawahi kumsikia mwenzao akieleza, shilingi kwa shilingi, alivyoingia na alivyotoka, kwa sababu aibu imefunga midomo. Mama mmoja akikubali kusimulia hesabu hiyo, hata bila jina lake, atawaokoa wengi kuliko tangazo lolote.

Upande wa pili, halmashauri zina mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi kinatakiwa kisajiliwe, kiwe na katiba na andiko la mradi. Andiko hilo huwashinda wengi, ama humlipa mtu wa mjini awaandikie mambo ya kubuni. Kikundi chenye hadithi tatu za wanawake waliofanya biashara ileile hapahapa, pamoja na bei zao na hasara zao, kina andiko tayari. Kinachobaki ni kulinakili vizuri.

Tena tusidhani kwamba habari za mama muuza vitumbua ni habari ndogo zisizofaa vitabu. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, hakuanzia kwa wenye vyeti. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma na kwa wanawake waliokuwa wakipika na kuuza pombe na vyakula, waliokuwa na fedha zao mkononi na umoja wao, na kwa miezi michache maelfu wakachukua kadi. Mengi tunayoyajua juu ya wanawake hao tunayajua kwa kuwa kuanzia mwaka 1984 mwanahistoria wa Kimarekani, Susan Geiger, alikaa nao wakiwa wazee, akawauliza, akaandika, na mwaka 1997 akatoa kitabu juu ya wanawake wa TANU. Angechelewa kidogo, wengi angewakuta makaburini. Na Siti binti Saad wa Zanzibar, kabla hajawa sauti ya pwani nzima, alitembeza vyungu vya kuuza mjini. Tunamjua vizuri zaidi kwa sababu Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Bibi Titi alipata wa kumuuliza, Siti akapata wa kumwandika. Mama wa Lupiro atampata nani, ikiwa watoto wake mwenyewe hawajamuuliza?

Basi tufanye hivi.

Wewe unayesoma, chagua mwanamke mmoja. Awe mama yako, shangazi, jirani, au yule unayekula kwake kila siku. Mwombe ruhusa kwanza. Nenda saa inayomfaa yeye, na kama anapepeta mchele, shika ungo mwingine upepete naye, maana mdomo hufunguka mikono ikiwa na kazi. Muulize mambo matano: ulianza na nini, na kilitoka wapi? Nani alikufundisha? Mwaka gani ulikuwa mbaya kuliko yote, na ulipoteza kiasi gani? Ulikopa kwa nani na ulilipaje? Ungeanza upya leo, ungefanya nini tofauti? Rekodi kwa simu, kisha andika kwenye daftari. Simu huibiwa, daftari hukaa sandukuni. Kabla hujampa mtu mwingine, mrudie umsomee, afute anachotaka kifutwe. Akitaka jina lake lisitajwe, lisitajwe.

Akisimulia kwa Kipogoro, kwa Kindamba au kwa Kisukuma, mwache asimulie hivyo. Mzaha wa biashara una lugha yake, na bei ya zamani hukumbukwa kwa lugha iliyotumika siku ile. Tafsiri itakuja baadaye, na vijana wa kuifanya tunao.

Viongozi wa vikundi vya akiba na mikopo vya VICOBA, nawaomba dakika kumi tu katika kikao cha kila wiki. Hisa zikishanunuliwa na marejesho yakishahesabiwa, mwanachama mmoja asimame asimulie biashara yake moja, iliyopata au iliyokosa, na katibu aandike. Kikundi chenye wanachama 30 kitakuwa na hadithi 30 kabla ya mwaka kwisha. Hakuna mradi wa wafadhili unaohitajika hapo.

Walimu wetu wa Kiswahili, mnawapa watoto insha juu ya safari za mbuga ambazo wengi hawajaziona. Safari hii wapeni insha ya kumhoji mwanamke mfanyabiashara, na masharti yake yawe mawili: iwe na mazungumzo, na iwe na hesabu. Mwalimu wa hisabati achukue insha zilezile, atunge maswali ya faida na hasara. Mtoto atakayegundua kwamba bibi yake alikuwa akipiga asilimia kichwani bila kwenda shule atalitazama somo kwa jicho jingine.

Ndugu zetu wa Pambazuko FM kule Ifakara na wa Ulanga FM kule Mahenge, mna sikio la bonde zima. Tupeni nusu saa kwa wiki, msimulizi awe mwanamke mwenyewe, na mtangazaji ajifunze kunyamaza.

Afisa maendeleo ya jamii na mtendaji wa kata, tunaomba rafu moja ofisini. Nakala za madaftari zikae hapo, binti yeyote aje asome bure, bila barua na bila "njoo kesho". Na Machi 8 inapofika, Siku ya Wanawake, pamoja na sare za vitenge na hotuba za mgeni rasmi, wekeni nafasi ya kusoma hadithi tatu kutoka kwenye rafu ile, wenye hadithi wakiwa wameketi mbele.

Nanyi wanaume wenzangu, mna sehemu yenu, nayo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mke akiulizwa alianzaje biashara, usimjibie. Wapo wanaume waliowasaidia wake zao kwa mtaji na kwa moyo, na hadithi zao zitawataja kwa heri. Wapo waliouza cherehani ya mke usiku. Hayo nayo hadithi zitayasema. Tuvumilie tusikilize, kwa sababu mabinti zetu ndio watakaoolewa na vijana wanaotusikiliza sisi.

Najua kikwazo kimoja kikubwa kuliko vyote: wanawake wenyewe watasema hawana la kusimulia. Watasema wao wanauza tu mchele, wanakaanga tu samaki, biashara yenyewe ni ya kubangaiza. Wanawake wa Dubagunta nao walikuwa vibarua tu kabla hawajakutana na hadithi iliyofanana na maisha yao. Msikubali jibu hilo la kwanza.

Mvua za masika zikikata na mpunga ukianza kuvunwa, Lupiro itajaa watu, magunia na malori, na kila mtu atakuwa na haraka. Tuanze kabla ya hapo. Nunua daftari wiki hii. Anza na mwanamke aliyekulipia ada. Akisema hana la kusimulia, muulize gunia la mpunga lilikuwa shilingi ngapi mwaka ule alioanza. Kisha vuta kigoda ukae vizuri, maana hutaondoka mapema.